Kiguu na Njia na Kigingi Namba Saba

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaani na majirani mliovuka maji kuja kutufariji, familia inawashukuru kwa kufika, na kabla ya kuendelea inaomba radhi kwa jambo moja, kwamba historia hii haikuandikwa na familia peke yake kama ilivyo kawaida, kwani kurasa mbili za mwanzo aliziandika marehemu mwenyewe akiwa kitandani, kwa penseli, akaacha nafasi wazi pale inapotakiwa tarehe ya kufariki, na pembeni akaandika, jazeni wenyewe, na msikosee. Ndiye pia aliyechagua msomaji, akamtaja mdogo wake wa mwisho, fundi wa mashine za boti, ambaye sote tunajua hana sauti ya kusomea wala miwani inayomfaa, na ndugu walipouliza kwa nini si binti yake mkubwa ambaye ni mwalimu, marehemu alijibu kwamba kuna aya moja humu ambayo mdogo wake peke yake ndiye mwenye haki ya kuisoma, na kwamba asiiruke hata akilia. Aya hiyo inahusu namba moja iliyokosewa, namba ambayo nchi nne zimeitegemea kwa miaka mingi, na tutaifikia.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi tarehe 9 Machi mwaka 1961, saa moja kasoro robo asubuhi, katika nyumba ya pili nyuma ya ghala la chumvi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa mpima chumvi na mama aliyekuwa mshona magunia, na kwa maneno ya mama yetu, alianza kutembea akiwa na miezi tisa na tangu siku hiyo hakukaa tena. Jina la Kiguu na Njia alipewa na bibi yetu kabla hajatimiza miaka mitatu, baada ya kutafutwa asubuhi nzima na kukutwa kwenye ngazi za gati akihesabu kaa, na jina hilo likamganda, hata barua za serikali zilizotoka nje zilikuja na jina lake kamili juu ya bahasha na Kiguu na Njia ndani, kwa mkono, kwa wino mwingine.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari mwaka 1968 akamaliza mwaka 1974, na katika ripoti ya darasa la nne, ambayo mume wake ameihifadhi hadi leo, mwalimu wa hesabu aliandika kwamba mtoto huyu anafaulu vizuri sana lakini kiti chake muda mwingi kiko wazi. Alisoma sekondari kuanzia mwaka 1975 hadi 1978, mwaka 1979 akafanya kazi ghalani pamoja na baba, akisoma mizani, na baba alikuwa akisimulia kwamba wateja walimkimbia kwa sababu alikuwa akipima kila gunia mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mteja na mara ya pili kwa ajili ya roho yake. Kuanzia mwezi Septemba mwaka 1980 hadi Juni mwaka 1982 alisoma chuo cha uvuvi akatunukiwa stashahada, na Jumatatu tarehe 3 Januari mwaka 1983 aliajiriwa na idara ya uvuvi kama msaidizi wa maabara, akapewa chumba cha mwisho kwenye ukumbi, chenye rafu tatu za chupa za samaki waliokufa zamani na dirisha lisilofunguka, chumba ambacho alikilalamikia kwa miaka thelathini na minane na akakataa kila alipopewa kingine.

Mwaka 1986, akiwa na miaka ishirini na mitano, alijifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, akiwa mwanamke wa kwanza katika idara kufanya hivyo, na wale waliomfundisha walisema ataogopa, kumbe ikawa shida kumtoa majini, kwa kuwa kule chini juu ya matumbawe, alivyokuwa akisema, ndiko mahali pekee ambapo miguu yake ilikubali kutulia kwa dakika arobaini. Wale wasiojua matumbawe aliwaeleza kwa uvumilivu ambao hakuwa nao kwa jambo lingine lolote, kwamba si mawe, ni viumbe hai wadogo wanaojijengea nyumba, kwamba mwamba wao ndio unaovunja wimbi kabla halijafika kwenye ukuta wa jiko lako, ndio unaolea samaki unayemla, na ukifa leo hutaona kitu, ila mjukuu wako atahama.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Agosti mwaka 1987 na fundi wa kiwanda cha uchapaji, na hadithi ya kukutana kwao inajulikana, ila marehemu ameagiza isomwe, kwamba alikwenda kuchukua nakala mia mbili za ripoti ya idara, akafungua ukurasa wa kumi na moja, akaona tarakimu moja imekosewa, akataka zote zichapwe upya, na fundi alipomwambia, dada, nani ataiona hiyo, alivuta kiti akakaa mlangoni mwa kiwanda hadi mashine ikawashwa. Fundi huyo, shemeji yetu, ambaye yupo hapa mbele na ndiye aliyechapa vijitabu mlivyoshika, anasema kwamba siku hiyo alijua mambo mawili, kwamba atamwoa huyu mwanamke, na kwamba hatapata amani. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 30 Mei mwaka 1989 na kijana aliyezaliwa tarehe 4 Oktoba mwaka 1992, na wajukuu watatu, wa mwisho akiwa na miezi kumi na ameshaanza kutembea, jambo lililomfurahisha bibi yake kupita kiasi.

Mwaka 1998 ndio uliogeuza maisha yake. Bahari ilipata joto kwa majuma mfululizo, na siku ya Ijumaa tarehe 17 Aprili alizamia mwamba wa nje akaukuta mweupe wote kama sahani zilizooshwa, akatoka majini, akakaa ubavuni mwa boti bila kuvua miwani ya kuzamia, na mdogo wake aliyekuwa kwenye usukani anasema kwamba ile ndiyo mara ya kwanza alimwona dada yake ametulia nje ya maji, na hakupenda. Juma lililofuata alipiga simu katika idara za nchi tatu jirani akitaka kujua kama na kwao hali ni hiyo, na kila moja ilimjibu kwamba kwao shwari, shida lazima imetokea kwenu, basi akapanda meli za abiria, moja baada ya nyingine, kwa likizo yake mwenyewe, akazamia kwao na kuona weupe uleule, akarudi na picha, na kazi iliyomla maisha ikaanzia hapo.

Kikao cha kwanza cha nchi nne kilifanyika kuanzia Jumatatu tarehe 14 hadi Jumatano tarehe 16 Februari mwaka 2000, katika ukumbi wa bandari wenye feni moja, na siku mbili za kwanza zilikwisha kwa ugomvi, kwa sababu nchi moja ilikuwa ikihesabu matumbawe kwa macho, nyingine kwa kuuliza wavuvi, ya tatu kwa picha za ndege, na sisi kwa kamba, kila mmoja akiapa kwamba namba yake ndiyo namba. Siku ya tatu marehemu alikuja na kamba ya mita ishirini, akainyoosha juu ya sakafu ya ukumbi kupita chini ya meza za wakubwa, akapiga magoti, akaanza kuandika kila kilichokuwa chini ya kamba, kiatu, mchanga, kiatu, mkoba, kiatu, akatoa asilimia ya viatu, kisha akamwomba mjumbe wa nchi nyingine apime tena kamba ileile mahali palepale, na viatu vikatoka sawasawa, watu wakacheka, na wakakubaliana. Tangu hapo kila mwezi wa Novemba nchi zote nne hupima kwa njia moja, kila mstari una kigingi kimoja cha chuma chenye namba, kimepigiliwa mwambani, kamba inaanzia hapo kuelekea kaskazini kwa dira, na mzamiaji anaandika sehemu iliyo hai na iliyokufa, tena hakuna nchi inayojihesabu peke yake, lazima awepo shahidi kutoka kwa jirani, azamie, aone, atie saini. Kanuni hizo kumi na mbili aliziandika marehemu kwa mkono wake, na ya tisa inasema kwamba kigingi kikipotea kisitafutiwe mahali kwa kukisia, mstari ufungwe, uanzishwe mwingine kwa namba mpya.

Sasa tumefika kwenye aya yenyewe, na msomaji anaomba maji.

Mwezi Aprili mwaka 2009 dhoruba ilipita juu ya mwamba wa nje, na siku ya Jumanne tarehe 17 Novemba mwaka huohuo, siku ya kupima, kigingi namba saba hakikuonekana. Marehemu alikuwa na mafua, masikio yameziba, hakuweza kuzamia, na shahidi kutoka nchi jirani, mzamiaji hodari tunayemwita Mkavu, kwa sababu akiwa chini ya maji ni simba na akiwa juu ya boti anatapika, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mbao akiomba boti izimwe, basi aliyeshuka ni mdogo wa marehemu, mwanamume mzima wa miaka thelathini na minane, ambaye alikuwa amezamia mstari ule mara sita na alijiona anaujua kama kiganja chake. Maji yalikuwa na tope, mkondo unavuta, hewa imebaki robo, alitafuta shimo la kigingi kwa dakika ishirini hakuliona, na badala ya kupanda juu na kusema sikuliona, neno moja tu, alichagua mahali palipofanana, akapigilia kigingi kipya, akapanda, na dada yake alipomuuliza, umeliona shimo, akajibu, nimeliona. Marehemu akaandika, kigingi namba saba kimerudishwa mahali pake, Mkavu akainua kichwa akatia saini ya shahidi bila kushuka, na boti ikarudi nyumbani watu wote wakiwa na furaha ya kumaliza kazi.

Mdogo wake huyo ndiye anayesoma.

Mwaka wa kabla ya dhoruba mstari namba saba ulikuwa na asilimia kumi na nane ya matumbawe hai, mwaka wa dhoruba ukatoka na ishirini na tisa, na marehemu, ambaye gunia la chumvi alilipima mara mbili, safari hii hakupima mara mbili, na katika karatasi zake ameandika wazi sababu, kwamba miaka miwili nyuma alikuwa amepigania mwamba ule ufungwe, watu wasivue wala wasitupe nanga, ukafungwa, kwamba alikuwa ametukanwa sana kwa hilo, na kwamba namba ile ilimjia kama maji kwa mwenye kiu. Mwaka 2012 ikafika arobaini na moja, na kwa nguvu ya namba hiyo nchi zote nne zilitia saini mkataba Jumatatu tarehe 3 Desemba mwaka 2012, kwa miaka kumi na miwili, wa kufunga miamba tisa, na siku ile mwenyekiti wa wavuna pweza wa kisiwa kidogo kuliko vyote, ambaye watu wake walikuwa wanaachia mwamba waliovunia tangu enzi za bibi zao, alisimama akamwuliza marehemu mbele ya wote, mwenzetu, na sisi tukifunga, arobaini na moja tutaifikia lini, na marehemu akamjibu kwa uhakika kabisa, miaka mitano.

Miaka mitano ikapita, ikapita saba, mwamba wa kisiwa kile ukawa na ishirini na mbili, ukawa na ishirini na tatu, haukufika hata thelathini, na katika vikao maneno yakaanza, kwanza chinichini, halafu mezani, kwamba haiwezekani wenzao wafike arobaini wao wabaki pale, lazima wanavua kwa siri. Walitumiwa boti za doria, wanawake wakapekuliwa vikapu ufukweni, mwenyekiti yule akaitwa kikaoni mara mbili kujieleza, akajieleza, hakuaminiwa, na marehemu alikuwemo vikaoni humo, akikaa meza ya mbele, na ameandika hapa, kwa penseli iliyokandamizwa hadi karatasi imetoboka, nami nilidhani wanavua.

Alistaafu tarehe 9 Machi mwaka 2021, kustaafu kwa jina tu, maana keshoye alikuwa mlangoni pa idara kama kawaida akisema amesahau mwavuli, na Jumapili tarehe 6 Februari mwaka 2022, akipanga picha za zamani sebuleni, aliona picha ya mwaka 2004 ya kigingi namba saba kikiwa kando ya tumbawe la mviringo kubwa kama boga, akachukua picha za baada ya dhoruba, akatafuta boga, hakuliona katika hata moja. Tumbawe la ukubwa ule halihami. Kesho yake asubuhi aliingia karakana ya mdogo wake, akaweka picha mbili juu ya mashine iliyokuwa imefunguliwa, na mdogo wake akashika tama akasema, dada, sikuliona shimo. Marehemu hakumsemesha kwa siku kumi na moja, na kwa mtu ambaye hakuweza kunyamaza wakati wa kula, siku hizo zilikuwa ndefu kwa ukoo mzima, hadi Ijumaa tarehe 18 alipotokea tena karakana akiwa na nyundo na dira, akasema, amka, tukakitafute.

Mkuu wake wa zamani idarani alimsihi asubiri, akamwambia, mama, mkataba unaisha mwaka 2024, ukilitoa hili sasa watajitoa wote, acha wasaini upya ndipo useme, na marehemu hakulala kwa hilo, alizunguka ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo, kwa sababu aliujua uzito wa maneno yale, alijua miamba tisa inaweza kufunguliwa kwa barua moja. Tarehe 1 Machi mwaka 2022 aliandika barua tatu, kwa nchi zote tatu, akaeleza kosa lilivyotokea, akaandika jina lake juu ya la mdogo wake, akazipeleka posta mwenyewe, kisha akarudi nyumbani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Mkavu, aliyeandika kwamba na yeye ana lake, alitia saini bila kuzamia, amelibeba miaka kumi na mitatu, na kama kuna aibu basi igawanywe, nchi moja ilijibu kwa hasira kurasa nne, nyingine ilinyamaza, lakini katika miezi iliyofuata, na hili familia haitalisahau, zote tatu zilileta wazamiaji kutusaidia kutafuta, hata ile ya kurasa nne. Walizamia mara sitini na mbili, marehemu akiwa juu ya boti na ramani iliyogawanywa vyumba vyumba, akifuta chumba kimoja baada ya kingine, akiwapigia kelele watu wazima wenye vyeo vyao kwa sababu wamepinda mstari.

Kikohozi kilimwanza mwezi Agosti mwaka 2023, akakiita vumbi, akakiita umri, na tarehe 12 Januari mwaka 2024 daktari wa mapafu alimweleza kwamba mapafu yake yanakakamaa na hayatalainika tena, akamkataza kuzamia, akamkataza boti, akamkataza ngazi, na marehemu alitii katazo la kwanza. Mwezi Agosti mwaka huohuo ndipo alipolala kitandani kwa kweli, na hata kitanda hakikutulia, kilihamishwa mara tatu, kwanza kwenye dirisha, kisha karibu na simu, mwisho katikati ya sebule, ambako alisema anaona mlango na hakuna atakayeingia na habari asiijue yeye kwanza. Jumamosi tarehe 26 Oktoba, saa nne asubuhi, habari iliingia, Mkavu amekiona kigingi, dhoruba ilikuwa imekilaza bila kuking'oa, shimo lake likatanuka, vifusi vikakifunika, na matumbawe yakaota juu yake hata kikaonekana kama tawi miongoni mwa matawi, kando ya boga lile, mita kumi na nne na nusu kutoka mahali ambapo mdogo wake alipigilia cha uongo. Ndugu walidhani ataomba mstari upimwe hapohapo, lakini akakataa, akasema kupima ni Novemba, na mashahidi wawepo wote, tulikosea kwa haraka hatutarekebisha kwa haraka, na mume wake akauliza kwa sauti ni nani huyu amelala kwenye kitanda cha mke wake.

Wajumbe waliwasili Jumamosi tarehe 9 Novemba, na Jumapili mwenyekiti wa wavuna pweza alikuja nyumbani, akavuta kiti karibu na kitanda, na marehemu, akipumua kwa mashine, akasema kidogo kidogo kwamba anaomba msamaha kwa yale ya vikapu na yale ya vikaoni. Mgeni wetu akasema, dada, kwamba hatukuvua tulijua siku zote, tulichotaka ni mtu wa meza ya mbele aseme, na mbele za watu, si hapa kitandani. Marehemu akaomba penseli, na aya mliyosomewa, yote, iliandikwa jioni ile.

Alifariki Jumatatu tarehe 11 Novemba mwaka 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi minane na siku mbili, na dada, tarehe tumeijaza, tumeihakiki watu watatu. Alikuwa ameagiza upimaji usiahirishwe kwa ajili ya msiba wake, na lilikuwa jambo gumu kwetu kulitii, lakini jana, Jumatano tarehe 13, boti ilitoka na wazamiaji watatu, mdogo wake, Mkavu, na mzamiaji wa kisiwa cha wavuna pweza, wakafunga kamba kwenye kigingi kile cha zamani, wakapima mmoja mmoja bila kuonyeshana, na vibao vyao vilipowekwa pamoja vikasomeka ishirini na sita, ishirini na sita, na ishirini na saba, na kwa kanuni ya marehemu ndogo ndiyo inayoandikwa. Mwamba wetu una asilimia ishirini na sita. Mwamba wa kisiwa kidogo, uliopimwa mwaka jana, una ishirini na tano.

Kwa hiyo mimi, niliyesema nimeliona shimo ambalo sikuliona, nasema kwa niaba ya dada yangu na kwa niaba yangu, mbele ya nchi nne, kwamba mama mwenyekiti, wewe na watu wako hamkuvua kwa siri, mlifunga mwamba wenu kama sisi, ukapona taratibu kama wetu, na miaka yote mliyodhaniwa wezi mlikuwa wakweli kuliko sisi. Mkataba utawekwa mezani tarehe 2 Desemba, hatujui mtaamua nini, marehemu hakujua, na kwa kuwa alikufa hajui, wengine tunashindwa kukaa kwenye viti hivi, lakini kutoka kumi na nane hadi ishirini na sita mwamba umepona kweli, na hilo alilitaka lisemwe pia.

Familia inamshukuru daktari wa mapafu, aliyetukanwa na marehemu na akarudi kila Jumanne, inawashukuru wauguzi walioacha kumwambia akae na wakaanza kumtembeza, inawashukuru majirani mliobeba kitanda mara tatu bila kununa, wafanyakazi wenzake wa chumba cha mwisho, na wazamiaji wa nchi zote nne, kwa zile mara sitini na mbili na kwa ya jana. Shemeji yetu anashukuru kwa kitu kimoja tu, ameandika hapa, kwa tarakimu ya ukurasa wa kumi na moja.

Dada, kigingi namba saba kimeonekana, kimepimwa mara tatu, na mashahidi wote safari hii wamezamia. Nililiona shimo, dada, niliingiza kidole changu ndani, kando ya chuma. Hakuna boti inayokungoja tena. Pumzika kwa amani.